Kupona kwa Panya Siyo Kupona kwa Mgonjwa

Mara kwa mara husikika habari kwamba wataalamu wamemponya panya ugonjwa wa mapafu kwa kumtilia jeni mpya. Habari hizo hutufurahisha sisi wauguzi, maana twajua jinsi anayekosa pumzi anavyoteseka. Hata hivyo twaona ni wajibu wetu kusema wazi kwamba sehemu ngumu ya tiba hii siyo kuipata jeni, bali ni kuifikisha mapafuni. Na hapo ndipo panya anapoweza kutupotosha.

Tuchukue mfano wa sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojulikana zaidi Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Mtoto hurithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia. Chumvi na maji havipiti sawasawa katika seli zake, ute wa mapafu huwa mzito, vijidudu hukaa humo, na mapafu huharibika kidogo kidogo.

Jeni hiyo iligunduliwa mwaka 1989 na wataalamu wa Kanada na Marekani. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliingiza jeni nzima katika mapafu ya panya. Waliibeba ndani ya kirusi cha jamii iletayo mafua, kilichoondolewa uwezo wa kuzaana, na jeni ikafanya kazi. Mwaka 1993 majaribio kwa watu yalianza, na wengi walidhani tiba iko mlangoni. Zaidi ya miaka 30 imepita, na ugonjwa huu bado hauna tiba ya jeni iliyoidhinishwa.

Je, kikwazo ni nini? Mapafu yameumbwa kuzuia wageni. Ute hukinasa kinachoingia, vinyweleo vidogo hukifagia kuelekea kooni, na seli za ulinzi hukimeza. Tena mlango ambao kirusi kile huutumia kuingia ndani ya seli uko upande wa chini, siyo upande unaotazama hewa. Kikirudishwa mara ya pili, mwili umekwisha kukifahamu na hukipiga vita. Hata jeni ikiingia, seli za juu hufa na kubadilishwa, nayo hutoweka pamoja nazo.

Panya hakuweza kuyaonyesha yote hayo. Mwaka huohuo wa 1992 walipatikana panya wenye kasoro ya jeni ileile. Waliugua matumbo, lakini mapafu yao hayakuharibika kama ya binadamu. Isitoshe, mara nyingi panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, akadondoshewa jeni puani, akaivuta hadi mapafuni. Mgonjwa hatibiwi hivyo. Yeye huvuta ukungu wa dawa kutoka kwenye mashine. Sisi tunaohudumia wenye pumu twalijua jambo hili vizuri: asiyefundishwa kuvuta dawa sawasawa, nyingi hubaki mdomoni na kooni. Njia ya kutoa dawa ni nusu ya dawa.

Ndiyo maana twawapongeza watafiti waliotafuta wanyama wanaofaa zaidi. Mwaka 2008 vyuo vikuu vya Iowa na Missouri, Marekani, vilitangaza kuzaliwa kwa nguruwe wenye kasoro hiyo, na mapafu yao huugua miezi michache baada ya kuzaliwa. Huko Uingereza walitumia kondoo, ambaye ukubwa wa mapafu yake unakaribia wa mtu, wakampa jeni ndani ya vitone vya mafuta kwa njia ya ukungu. Matokeo ya jaribio lao kwa wagonjwa 136 yalitolewa mwaka 2015. Wengine walivuta jeni, wengine maji ya chumvi, mara moja kila mwezi kwa mwaka mzima. Katika kipimo cha kupuliza pumzi, waliopata jeni waliwazidi wenzao kwa asilimia 3.7. Ni faida ndogo, isiyotosha kuitwa tiba, lakini ilikuwa ya kweli.

Wapo wasemao nguruwe na kondoo ni ghali. Ni kweli, na panya bado anafaa kwa hatua za kwanza. Lakini kuua panya wengi kwa swali ambalo mapafu yao hayawezi kulijibu ni ghali zaidi. Mnyama naye husikia maumivu. Ikiwa lazima afe, basi afe kwa swali linalomsaidia mgonjwa.

Nao wagonjwa wapo. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha vidonge vilivyowapa nafuu kubwa wengi wenye ugonjwa huu, lakini takriban mmoja kati ya kumi hawezi kufaidika navyo kwa sababu ya aina ya kasoro aliyorithi. Huyo ndiye anayeingojea jeni. Tusimpe tumaini la panya.

Basi, ndugu msomaji, ukisikia habari ya namna hiyo, uliza maswali manne. Ni mnyama gani? Dawa iliingiaje? Je, ilirudiwa bila kukataliwa na mwili? Ilidumu kwa muda gani? Na wakati majibu yakisubiriwa, mgonjwa asiache dawa zake wala mazoezi ya kutoa makohozi. Subira yavuta heri, lakini ni subira ya mtu anayeendelea na matibabu.