Mcheza Kwao: Alan Page Baina ya Uwanja na Mahakama

Wasimulizi wengi wa maisha ya Alan Page huyakata vipande viwili: kwanza mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, kisha jaji. Mgawanyo huo humrahisishia kazi msimulizi, lakini humdhulumu msimuliwa.

Page alizaliwa Canton, Ohio, mwaka 1945. Mwaka 1967 alijiunga na Minnesota Vikings, akawekwa katika safu ya mbele ya ulinzi. Hiyo ni kazi ya watu wa miraba minne. Kila mchezo uanzapo, mtu hulazimika kuwapenya wapinzani wawili watatu ili amfikie mrushaji mpira, na aghalabu jina lake halitajwi. Hata ligi yenyewe haikuhesabu rasmi mara ambazo walinzi humwangusha mrushaji hadi mwaka 1982, wakati Page ameshastaafu. (Lugha nayo inamponza: mlinzi wa Kiswahili huketi langoni akisubiri, ilhali Page hakumsubiri mtu.) Licha ya hayo, mwaka 1971 shirika la habari la Associated Press lilimteua mchezaji bora wa ligi nzima. Hakuna mlinzi aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake.

Angali uwanjani, alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akahitimu mwaka 1978. Wakati huohuo alikuwa amezama katika mbio za masafa marefu, na mwili ukapungua. Mwaka uleule wa kuhitimu, Vikings walimwachilia katikati ya msimu. Yamkini hoja ya uzito haikuwa ya kipuuzi, kwani safu ile hudai vifua vipana. Hata hivyo, Chicago Bears walimchukua, naye akawachezea hadi mwaka 1981, akitimiza mechi 218 mfululizo bila kukosa hata moja. Ni vigumu kuamini kwamba mizani ilipima kilo peke yake. Mchezaji aliyeamua mwenyewe mwili wake uwe na uzito gani, na saa zake za jioni azitumie kusoma nini, ni mwajiriwa asiyezoeleka.

Ujaji wake katika Mahakama ya Juu ya Minnesota, kuanzia 1993 hadi 2015, unajulikana vyema. Lililosahaulika ni la Canton. Huko ndiko uliko Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo, na Page alipokuwa kijana alifanya kibarua katika ujenzi wa jengo lake. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa: mwaka 1988 alirudi humo kutunzwa. Badala ya kocha, alimteua mwalimu mkuu wa shule, Willarene Beasley, amtambulishe. Hotuba yake nayo haikuwa ya kujisifu. Alieleza jinsi baadhi ya wenzake wa safu ya ulinzi walivyoshindwa kusoma kitabu cha mbinu za timu yao. Hao walikuwa watu wazima waliopita shule za upili na vyuo vikuu, na ambao walimu waliwavusha darasa baada ya darasa maadamu waliweza kuangusha watu siku ya mechi.

Mwaka huohuo yeye na mkewe, Diane, walianzisha wakfu wa kuwafadhili wanafunzi wa vyuo. Sharti lake ni kwamba kila anayefadhiliwa awasaidie watoto wadogo katika masomo yao.