Msamaha wa Dhambi na Deni la Jirani



Mwezi huu tunalitazama suala ambalo wazazi kadhaa wametufikishia. Watoto wetu hapa Troyeville husoma darasa moja na watoto wa Kikristo, wa Kongo, wa Msumbiji na wa nchi hii yenyewe, nao hurudi nyumbani na swali: je, ni kweli kwamba wenzetu husamehewa dhambi zote kwa kuamini tu? Baadhi ya wazazi hucheka. Wengine humkaripia mtoto asiulize tena. Njia zote mbili hazifai, kwani mtoto aliyenyimwa jibu kwao hulitafuta kwingine, na aliyefundishwa kuicheka dini ya jirani hajafundishwa dini yake.

Kwanza, tuieleze itikadi hiyo kama wenyewe waiaminivyo. Wakristo husema kwamba mwanadamu hawezi kujitakasa kwa amali zake peke yake. Kwa hiyo Mungu mwenyewe alitoa kafara, nayo ni kifo cha Yesu msalabani, na kila amwaminiye husamehewa kwa neema, si kwa ujira wa kazi yake. Wao hukuita huko kuhesabiwa haki kwa imani. Ni neno lililowagawa wao wenyewe kwa karne nyingi, tangu Mjerumani Martin Luther alipopinga uuzaji wa vyeti vya msamaha mwaka 1517, hata Walutheri na Wakatoliki wakatia saini tamko la pamoja juu yake mjini Augsburg mwaka 1999.

Sisi Waislamu hatuafikiani nao katika hilo, wala hapana haja ya kuficha. Hatuamini kwamba Nabii Isa, alayhis salaam, alisulubiwa. Qur'ani Tukufu yatufundisha, katika Suratul An'aam aya ya 164, kuwa hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwingine. Mja hurejea kwa Mola wake pasipo mtu wa kati: huiacha dhambi, huijutia, na huazimia kutoirudia. Hivyo ndivyo mtoto aelezwe, kwa upole na bila kigugumizi.

Walakini ikhtilafu isitupeleke katika kusingizia. Aghalabu husikika miongoni mwetu kauli kwamba Mkristo amepewa ruhusa ya kutenda maovu, madhali dhambi zake zimekwisha kulipiwa. Hoja hii si ngeni katika nchi hii. Ilipata kumsumbua mtu aliyeishi humu humu Troyeville, katika mtaa wa Albemarle, mwanzoni mwa karne ya 20, naye ni Mohandas Gandhi.

Gandhi, ambaye alikuwa Mhindu, aliletwa Afrika Kusini mwaka 1893 na kampuni ya mfanyabiashara Mwislamu wa Durban, Dada Abdulla, ili asaidie katika kesi ya madai iliyokuwa Pretoria. Huko Pretoria wakili wa kampuni hiyo, Bwana Baker, ambaye pia alikuwa mhubiri, alimkaribisha katika sala za Wakristo. Siku moja akakutana na mfuasi wa dhehebu la Plymouth Brethren. Bwana yule alimwambia kuwa ni kazi bure kuhangaika na makosa kila siku. Mwanadamu hawezi kuacha kukosea, basi na amtwike Yesu mzigo wake apate amani. Gandhi asimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba alimjibu kuwa yeye hatafuti kuepushwa na matokeo ya dhambi, bali kuepushwa na dhambi yenyewe. Baadaye bwana yule alitenda makosa kwa makusudi, ili amwonyeshe kwamba hayamtii wasiwasi.

Wasomaji wengi wangependa hadithi iishie hapo. Lakini Gandhi alikuwa mwadilifu kuliko hivyo. Aeleza papo hapo kwamba alikwisha kujua kuwa si Wakristo wote wenye itikadi ya namna ile, na kwamba rafiki yake Coates, Mkristo aliyewakutanisha, alikuwa mcha Mungu aliyeamini kuusafisha moyo wake. Alimhukumu mtu, hakuihukumu dini nzima kwa mtu mmoja.

Na maandiko ya Wakristo wenyewe yanamkana bwana yule. Paulo, katika waraka wake kwa Warumi, mlango wa sita, analeta swali hilo hilo, kama mtu adumu katika dhambi ili neema izidi, naye anakataa katakata. Waraka wa Yakobo nao unasema kwamba imani isiyo na matendo imekufa.

Tena tunao ushahidi wa karibu zaidi, wa Afrika Mashariki kwetu. Katika miaka ya 1930 uliinuka uamsho miongoni mwa Waanglikana wa Rwanda na Uganda, ukaenea hadi Bukoba na Kenya. Wafuasi wake waliitwa kwa Kiganda Balokole, yaani waliookoka, na kutoka hapo sisi tumepata neno mlokole. Watu hawa walihubiri msamaha kwa imani bila kupunguza herufi. Hata hivyo walijulikana kwa jambo moja: aliyeokoka alikiri makosa yake hadharani, akawaendea aliowadhulumu, akawarudishia alichokiiba. Kwao kurudisha hakukuwa bei ya msamaha. Kulikuwa dalili kwamba msamaha umemfikia kweli.

Hapo, ndugu zetu, ndipo dini hizi mbili zinapokutana baada ya kutengana kwingi. Wanachuoni wetu wamezitaja nguzo tatu za toba tulizozieleza, kisha wakaongeza ya nne pale dhambi inapogusa haki ya mtu: mrudishie haki yake au umwombe akusamehe. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Humo humo imo habari ya muflisi wa Siku ya Kiyama, ajaye na Sala, Saumu na Zaka, lakini alimtukana huyu na kula mali ya yule, wakagawiwa thawabu zake hata zikamalizika.

Basi na tujitazame kabla ya kuwacheka wenzetu. Katika jumuiya yetu wako wanaochukua bidhaa kwa mkopo dukani kwa ndugu, wakanyamaza miezi, kisha Ramadhani ikiingia wakatumaini kuwa funga itafuta yote. Wako waliokopeshwa nauli ya kuja huku na jamaa wa Mombasa au Unguja, nao hawajibu simu tena. Mtu wa namna hiyo ana tofauti gani na yule bwana wa Pretoria? Mmoja ameegemea msalaba, mwingine ameegemea mwezi mtukufu, na wote wawili wamemruka aliyedhulumiwa.

Kwa aliye na dhiki, dini haikumfungia mlango. Suratul Baqarah, aya ya 280, yaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula, na kumsamehe ni bora zaidi. Ile kesi iliyomleta Gandhi ilimalizika kwa njia hiyo. Msuluhishi alimpa ushindi Dada Abdulla. Mdaiwa wake, Tyeb Haji Khan Muhammad, ambaye alikuwa jamaa yake, alitakiwa alipe takriban pauni 37,000 pamoja na gharama. Kuzitoa kwa mkupuo kungemfilisi. Gandhi akamsihi Dada Abdulla apokee kidogo kidogo kwa muda mrefu, naye akakubali. Deni halikukanwa, wala mdaiwa hakuvunjwa.

Tunawausia wazazi mambo matatu. Mtoto akiuliza, mwelezeni itikadi ya jirani kwa haki, kisha yetu kwa uwazi. Jirani aliyeokoka akibisha hodi kuungama kwamba aliwakosea, msimfanyie mzaha. Mpokeeni, kwani jambo alilolijia ni zito, na Mola wetu awapenda wenye kusamehe. Na kila mmoja wetu aandike usiku wa leo majina ya wanaomdai, awaendee kabla hawajamwendea, hata kama mkononi hana ila ahadi ya randi chache kwa mwezi.

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Wabillahi tawfiiq.