Kenya: Ramani ya Kibera na deni la kuwataja walioichora

Hadi mwaka 2009, mtaa wa Kibera jijini Nairobi ulikuwa pengo tupu katika ramani nyingi. Mwaka huo vijana wa mtaa huo, chini ya mradi wa Map Kibera, walipita vichochoroni na vifaa vya GPS, wakaandika vyoo, zahanati, shule na vituo vya maji, kisha wakayaweka hayo katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004.

Ramani hiyo haiuzwi. Shirika la misaada, kampuni au wizara inaweza kuichukua na hata kuifanyia biashara. Leseni yake, ODbL, inayotumika tangu Septemba 2012, inadai machache: anayebadili kanzidata na kuitoa hadharani aitoe kwa masharti yaleyale, na anayechapisha ramani awataje wachangiaji wa OpenStreetMap.

Sharti hili la pili ndilo rahisi kukiukwa. Kwenye simu, maneno hayo huweza kufichwa nyuma ya alama ambayo ni wachache wanaoibonyeza. Kwenye ripoti, nembo ya mfadhili huweza kubaki peke yake.

Wapo wanaodai kwamba kisicho na bei hakina hasara. Hoja hiyo ilikwisha kujibiwa mahakamani. Agosti 2008, katika shauri la Jacobsen dhidi ya Katzer lililohusu programu huria ya kuendeshea treni ndogo za mfano, mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliamua kuwa masharti ya aina hiyo, kutaja watunzi likiwa mojawapo, yanaweza kulindwa kwa sheria ya hakimiliki, hata kama hakuna fedha iliyolipwa. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, lakini mantiki yake ni nzito.

Ni kweli kwamba hata leseni ikifuatwa kikamilifu, kijana wa Kibera hatajwi kwa jina. Anamezwa na neno "wachangiaji". Hata hivyo, neno hilo ni mlango. Anayelifuata hufika kwenye kanzidata yenyewe, huona akaunti iliyochora na tarehe, na huweza kusahihisha. Jambo hili linaihusu Tanzania pia: mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliweka maeneo yanayokumbwa na mafuriko katika kanzidata hiyohiyo. Mkazi akikuta mfereji umechorwa pasipo pake kwenye ramani isiyotaja chanzo, hajui aende kwa nani kabla ya mvua za masika.