Insha za Wanafunzi na Matuta ya Mollo

Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi wa sekondari katika uwanda wa Ufipa, anapotakiwa kuandika insha ya utafiti juu ya suala la kijamii lenye ubishi, mara nyingi hukimbilia mada zilizokwisha kupita mikononi mwa maelfu ya wenzake: adhabu ya kifo, utandawazi, simu na vijana. Mada hizo si mbaya. Lakini hoja zake zimekwisha kuandikwa, na kazi inayombakia mwanafunzi ni kunakili. Kasumba ya kudhani kwamba elimu inakaa mbali na nyumbani ndiyo aliyoipiga vita Mwalimu Nyerere mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, na bado haijafa.

Kata ya Mollo, Manispaa ya Sumbawanga, ina mada iliyolala shambani. Mababu wa Kifipa, wakiishi katika uwanda wa nyasi wenye miti michache, walifukia nyasi chini ya udongo mwishoni mwa mvua na kujenga matuta ya mviringo yaitwayo ntumba. Nyasi huoza humo, na msimu unaofuata matuta hupasuliwa, udongo wake ukasambazwa na kupandwa ulezi au mahindi. Wamambwe wa upande wa Zambia wanao utaratibu wa namna hiyo hiyo. Ni mboji iliyobuniwa kabla ya bwana shamba wa kwanza kufika.

Kisha ikaja miaka ya 1970, Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, na mbolea ya viwandani ikauzwa kwa ruzuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku hiyo iliondolewa. Mwaka 2022 Serikali ilianzisha mpango mpya. Je, mkulima wa Mollo aache ntumba kwa ajili ya plau na mbolea ya dukani? Anayesema ndiyo ana hoja: ntumba inataka nguvu kazi nyingi, na vijana wengi hawaitaki. Anayesema hapana naye ana hoja: udongo usiopata mboji huchoka, na bei ya mfuko haipangwi kijijini. Hapo pana ubishi wa kweli, na jibu lake linagusa ghala la kila kaya.

Wako watakaopendelea kuandika juu ya uchawi, hasa kwa kuwa jina lenyewe la Sumbawanga husemwa kuwa na maana ya kutupa uchawi. Iwapo uchawi upo au haupo, mwanafunzi hawezi kupima. Lakini akiuliza ni kwa nini kikongwe fulani hutuhumiwa na jirani yake hatuhumiwi, hapo ameingia katika utafiti.

Mtafiti wa ntumba asitosheke na ofisi ya kata. Amwendee bwana shamba, ndiyo, lakini pia mzee anayekumbuka mashamba yalivyokuwa kabla ya Operesheni Vijiji, na mama anayejua debe ngapi zilitoka katika kila ekari. Aulize nani analima na nani anauza. Majibu yakigongana, ayaandike yalivyogongana.

Watumishi wa umma nao wana sehemu yao. Ofisa anayemfukuza kijana mlangoni kwa sababu hana barua yenye mhuri anamfundisha kwamba takwimu za wananchi ni mali ya ofisi. Na mwalimu anayekata alama kwa kuwa insha imepingana na maelekezo ya kitaalamu, pasipo kutazama ushahidi wake, ameua utafiti kwa kalamu nyekundu.

Tena kuna suala la kalenda. Ntumba hujengwa udongo ukiwa bado laini, mvua zikielekea ukingoni. Mwalimu atakayeitoa kazi hii mwezi Septemba atawapeleka wanafunzi wake kutazama majani makavu.