Mwalimu yu simuni, bandarini je?
Mpwa wangu wa Kisauni anasomea usimamizi wa ugavi kwa simu. Mwalimu wake ni akili mnemba. Juzi nilimjaribu: meli zilipoikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, sisi ilituhusu nini? Akajibu bila kusita: kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hurefusha safari, mafuta huongezeka, makontena huchelewa, bei hupanda. Mashallah.

Lakini mwalimu huyo hamvushi geti la bandari. Septemba 2022 Rais Ruto alipoagiza utoaji wa mizigo urudi Mombasa, tulishangilia. Hata hivyo, matangazo ya kazi bado yanadai uzoefu, nao hauji kwa simu. Viongozi wetu wadai nafasi za mafunzo kazini, zigawanywe hadharani, si kwa kujuana.