Njiti: kinga ipo, kipimo kiko wapi?

MWAKA 2025 Bunge lilirekebisha sheria za kazi ili mama aliyejifungua njiti aongezewe likizo. Tunalipongeza hilo, ingawa mama ntilie wa Manzese hana mwajiri wa kumpa likizo hiyo. Lakini tunauliza: kwa nini tungoje mtoto azaliwe kabla ya wiki 37 ndipo tuamke?

Kinga ipo, na si lazima kisu. Mama aliyewahi kuzaa njiti, au mwenye mlango mfupi wa kizazi, anaweza kupewa projesteroni, dawa ya kuweka ukeni kila siku. Mwenye hatari ya kifafa cha mimba huanzishiwa mapema aspirini ya dozi ndogo. SP na chandarua humkinga na malaria. Kaswende na maambukizo ya mkojo yana tiba. Dawa hizi haziokoi kila mimba, lakini zinaokoa nyingi.

Tatizo ni kwamba mlango mfupi hauonekani kwa macho. Hupimwa kwa ultrasaundi katikati ya mimba, na ukiwa chini ya milimita 25 ni hatari. Nani anampima mke wa mlalahoi? Sera ya Afya ya 2007 inasema huduma kwa wajawazito ni bure, lakini akina mama wanaambiwa waje na glovu zao! Mke wa kigogo hayajui hayo.

Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize zimetengwa ngapi, na mashangingi yamekula ngapi.

Nawe kijana wa kijiweni usijitoe. Kaswende ndani ya nyumba huletwa na nani? Kapimeni pamoja. Usivute sigara karibu na mkeo. Mpeleke kliniki mapema, na kama mtoto aliyetangulia alizaliwa njiti, mwambieni daktari siku hiyo hiyo. Uchungu ukianza kabla ya wakati usitafute mchawi, tafuta usafiri wa hospitali.

Tunadai ultrasaundi na projesteroni katika kila hospitali ya wilaya, bure kama sera inavyosema. Wakishindwa, watueleze fedha zetu zimekwenda wapi.