ANAYEANDIKA MWENDO WA MOTA AANDIKA KAZI YETU

Ndugu Wafanya Kazi,

Zamani fundi aliyetaka kubadili mwendo wa mota alikwenda mwenyewe mpaka kwenye kabati la stima, akafungua mlango, akabonyeza vitufe vya draivu, na kila aliyekuwa kwenye mashine alimwona. Siku hizi viwanda vingi vimeunganisha draivu na kontrola kwa waya wa mtandao. Mtu aliye afisini huandika tarakimu moja, kontrola hupeleka ujumbe, na mota hubadili mwendo wake. Hatukatai maendeleo hayo. Lakini twasema wazi: tarakimu ile ni sehemu ya masharti ya kazi, na haifai kuandikwa kwa siri.

Yafaa kila mwanachama ajue ujumbe huo ulivyo. Tuchukue Modbus, lugha ya mitambo iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, ambayo ingali ikitumika. Ujumbe wake wa kuandika una mambo manne: namba ya draivu inayoambiwa, namba ya amri, namba ya mahali pa kuandika, na tarakimu yenyewe. Amri ya 3 ni kusoma. Amri ya 6 ni kuandika mahali pamoja. Lugha hiyo, kama ilivyotolewa, haimwulizi mtumaji jina lake wala neno la siri. Draivu hupokea na kutii.

Sasa tufanye hesabu. Stima ya Kenya ni hezi 50, na mota ya ncha nne huzunguka karibu mara 1,500 kwa dakika. Mtu akiandika hezi 55, mkanda huongeza kasi kwa sehemu moja katika kumi. Aliyekuwa akipakia masanduku 10 sasa atapakia 11, na mshahara ni ule ule. Mwajiri akitangaza jambo hilo kwa mdomo, tungekaa naye mezani tukazungumza. Mbona akilisema kwa waya tunyamaze?

Tena kuna hatari. Draivu nyingine huhesabu hezi kwa sehemu za mia, na nyingine kwa sehemu za kumi. Kwa ya kwanza, 2000 maana yake ni hezi 20. Kwa ya pili, 2000 ile ile ni hezi 200. Draivu ikibadilishwa na ujumbe usisahihishwe, mota itakimbia mpaka mpaka wake wa juu, na mikono ya watu imo karibu na mkanda.

Jambo jingine ni kumbukumbu. Baadhi ya draivu huweka kila tarakimu katika kumbukumbu ya kudumu, ambayo huvumilia kuandikwa mara kadha tu, aghalabu kama mara 100,000. Siku moja ina sekunde 86,400. Ujumbe ukipelekwa kila sekunde, siku ya pili kumbukumbu yaweza kuwa imechoka. Draivu ikifa, wa kwanza kuulizwa ni fundi wa zamu, wala si aliyeupanga ujumbe.

Wanaodhani haya ni maneno ya woga wakumbuke mwaka 2010, ilipogunduliwa programu mbaya iitwayo Stuxnet, iliyoelekezwa kwenye mitambo ya urani ya Natanz, Iran. Wachunguzi walikuta kwamba iliundwa kuziandikia draivu hezi 1,410, kisha 2, kisha 1,064, ili kuharibu mashine zinazozunguka. Silaha yake ilikuwa ujumbe wa kuandika, kama huu wetu.

Basi twadai mambo matano. Kwanza, kila ujumbe unaoandika kwenye draivu uwekwe katika daftari: nani, lini, tarakimu ya zamani na mpya. Pili, ujumbe upelekwe pale tu tarakimu inapobadilika, na kontrola ikatae iliyopita mpaka. Tatu, kituo cha hatari kiwe na waya wake, kisitegemee ujumbe wa kawaida. Na anayetia mkono mashineni akate stima na kuitia kufuli. Nne, mafundi wetu wafundishwe kazi hii na walipwe kwa ujuzi huo. Tano, kasi ya mkanda isiongezwe kabla ya mazungumzo na chama.

Tusingoje kuletewa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Wajumbe wetu waulize katika mkutano ujao wa kamati: ni ujumbe upi unaoandika kwenye draivu zetu, na nani anaupeleka? Mwajiri asiye na la kuficha atafungua daftari.

Ndimi mwanachama mwenzenu,
FUNDI WA STIMA